Waya wa Wari Kumi na Nane

Mimi nimeolewa na mtu ambaye akikuuzia kamba hukuongezea shubiri nzima bure, na akijikatia mwenyewe hujipa kipimo kamili, hazidishi hata ukucha. Najmuddin huyo. Duka letu la vyuma na kamba liko chini, sisi twakaa juu, hapa Mji wa Kale, na kwenye kaunta pana fimbo ya shaba ya wari moja, yaani yadi, aliyoachiwa na babake. Mteja akitaka wari tano, Najmuddin hupima tano, kisha hutandaza kiganja na kuongeza shubiri, asije akaulizwa Siku ya Kiyama kwa nini alimpunja mtu. Sawa, dini nzuri. Lakini anayeishi na mtu huyo ni mimi Hussaina, na mwezi huu kanifikisha pabaya.

Binti yetu Yumna ana miaka kumi na mitano. Miwili ya mwisho yuko Surat, India, kwenye madrasa ya kuhifadhi Kurani. Mtihani wake wa kumaliza ulipangwa Alhamisi, saa nane mchana kwa saa zetu. Mwalimu angemwanzia aya popote apendapo, naye aendeleze kwa moyo, na sisi wazazi tungesikiliza papo hapo kwa intaneti. Sauti tu, picha hakuna. Akikwama mara mbili anasamehewa. Akikwama mara ya tatu, anarudia mwaka.

Aliyekuwa na hamu kutushinda sote ni mkwe wangu, Mama Saliha, mamake Najmuddin. Ndiye aliyemfundisha Yumna alifu yake ya kwanza, mtoto amekaa mapajani, miguu haifiki hata ukingo wa kitanda. Sasa macho ya Mama yamekwisha, na masikio nayo yako njiani. Ukimpa simu asema yalia mbu humo ndani. Kile kidude cha masikio tulichomnunulia alikitia kwenye kopo la biskuti, na huko kipo hadi leo. Lakini ukimfungulia ile amplifaya ya marehemu mumewe, yenye spika mbili za mbao zilizokaa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za chumba chake, hapitwi na neno.

"Nataka nimsikie akikhitimu," aliniambia. "Nikimsikia, hata nikiitwa kesho naenda."

"Mama, usinene hivyo."

"Nishanena."

Ikawa ndiyo kazi yetu: kuitoa sauti dukani, ilipo ruta, kile kisanduku cha intaneti, tuifikishe juu kwenye amplifaya ya Mama, tuliyoiwekea kisanduku kidogo cha kupokelea intaneti. Waifai haipandi. Nyumba zetu hizi za mawe ya matumbawe, ukuta mmoja waweza kulaza mtoto ndani yake, na hapo kati kuna kuta tatu na ngazi. Patakikana waya. Jambo lenyewe ni hilo tu, waya wa kutoka chini hadi juu, kama watu wote duniani.

Nikamwambia mume wangu, "Baba Yumna, nenda Makadara ukanunue waya uliokwisha tengenezwa, uje uuchomeke, yaishe."

Masikini, nilidhani nimesema neno la maana. Akaenda Makadara, akaja na waya, na badala ya kuuchomeka akauweka juu ya kaunta, akachukua wembe, akaukwangua.

"Ona, Hussaina. Ona! Juu shaba, ndani nyeupe. Aluminiamu hii, imepakwa shaba! Mtu ataniuzia hivi mimi, mtoto wa Mulla Kaizar?"

"Wapitisha sauti, haupitishi?"

"Wapitisha kelele."

Kutoka hapo nikampoteza mume wangu. Akaanza kusoma mambo ya watu wa Ulaya wanaosikiliza muziki majumbani, wanaonunua waya mmoja kwa bei ya pikipiki. Kwanza akashangaa, kisha akakasirika, mwisho akapata wazo, na wazo likimwingia Najmuddin hulitoi hata kwa koleo. Atautengeneza waya huohuo kwa mikono yake. Shaba tupu ndani, ngozi ya chuma ya kuzuia kelele za umeme, na gharama isizidi ya viatu vya mtoto. Na wallahi, hapo sina la kumsingizia, alifanikiwa. Alipata robo ya roli ya waya safi iliyobaki kwenye ofisi moja iliyohama, akainunua kwa bei ya kutupa. Vichwa vyake, vile vya plastiki vinavyobanwa ncha zote mbili, alinunua vilivyovikwa chuma, vizuri, kwa dazani.

Koleo la kubania vichwa aliazima kwa Kyalo. Kyalo ni fundi wa mitandao, afanya kazi ofisi za bandarini na akaa Buxton, kijana mpole wa Kikamba, mteja wetu wa misumari wa miaka. Siku aliyoleta koleo alijaribu kumwokoa.

"Mzee Najmuddin, kwa heshima yako, huu si waya wa spika. Humu ndani mnapita hesabu tupu. Zikifika zimefika, zisipofika hazijafika. Hakuna kufika vizuri na kufika vibaya."

"Kyalo, baba, wewe wasikia kwa masikio ya ofisi."

Kyalo akanitazama, nami nikamtazama. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumapili Najmuddin akapima njia kwa uzi: kutoka kaunta, kupanda na ukuta, kona ya ngazi, juu ya mlango, kuzunguka chumba cha Mama hadi zidaka ya amplifaya. Wari kumi na nane. Akalaza waya kwenye fimbo ya shaba, akakata wari kumi na nane. Kamili.

"Ongeza kidogo," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ni binadamu, waweza kukosea."

"Nikimwongezea mteja ni sadaka. Nikijiongezea mimi ni israfu."

Nilikosea kunyamaza, nakiri.

Akabana vichwa viwili. Mle ndani ya waya mna nyuzi nane za rangi, na lazima zipangwe sawasawa, naye alizitaja kwa sauti mfano wa mtu asomaye uradi: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu. Akamaliza, akachomeka kwenye kipimo cha Kyalo, kisanduku chenye taa nane. Taa zote nane zikawaka. Mara ya kwanza! Mimi nikapiga vigelegele jikoni, samaki wakiungua.

Niliporudi, kichwa alikuwa amekikata.

"Umefanya nini?"

"Nyuzi nimezifumua kupita kiasi. Nusu inchi. Yatakiwa robo."

"Lakini taa ziliwaka!"

"Taa hazina masikio."

Nieleze jambo hili vizuri, kwa maana ndilo lililotumaliza. Kichwa kikishabanwa hakifunguki. Ukitaka kurekebisha, wakata ncha, watupa, waanza upya, na kila mara waya wapungua vidole vitatu vinne. Jumatatu alikata mara tatu. Jumanne alikuwa ameniahidi tutoke, mimi naye, twende ufukwe wa Mama Ngina tukale mihogo ya kukaanga tupunge upepo, kwa kuwa tangu mtoto aende hatujakaa pahali pamoja tukazungumza. Nikavaa rida yangu mpya ya maua, vazi letu la kutokea, nikashuka. Nikamkuta juu ya stuli ameshika koleo, miwani iko kwenye ncha ya pua.

"Dakika tano," akasema.

Nilivua rida saa mbili usiku. Mihogo nikakaanga mwenyewe, na kwa hasira nikatia pilipili ya watu sita. Akala yote, jasho lamtoka, wala hakuuliza.

Kufikia Jumatano vichwa vya dazani ya kwanza vilikuwa vimekwisha. Taa ziliwaka kila mara. Kila mara! Ati hiki kimekaa upande, ati hiki ngozi ya chuma haikugusa, ati hiki hakimridhishi tu, hajui kwa nini. Jioni yake akatamka kwamba sasa ndiyo, akaupandisha waya ukutani, akaupigilia vishikizo vidogo vidogo safi kabisa, kazi ya kupendeza macho, sikatai. Akafika kwenye amplifaya.

Waya haukufika. Ulikomea hewani, dhiraa moja na vidole kabla ya zidaka.

Nikaingia chumbani mwa Mama, nikamwona Najmuddin amesimama na ncha mkononi, akaivuta kidogo, akaitazama, akaivuta tena.

"Si neno," nikasema, nashikilia ulimi wangu kwa meno. "Roli imebaki. Kata mwingine."

Akajikuna ndevu.

"Najmuddin. Roli iko wapi?"

"Nimeiuza."

"Umeiuza!"

"Asubuhi. Alikuja mtu wa kamera za ulinzi. Akauliza, je, mna waya wa shaba? Nimwambie sina, na upo mbele yangu? Huo si uwongo?"

"Na shubiri ukamwongezea?"

Alimwongezea, namjua.

Hapo nikapasuka. Nilimwambia kwa sauti ambayo hata Mama aliisikia, na Mama hasikii. "Mji mzima huu wewe umewaongezea watu shubiri! Wenye kamba, wenye nyaya, wenye minyororo ya mbuzi! Mama yako mzazi ndiye uliyempunja! Dhiraa nzima! Utakwenda kujibu nini huko, wewe mwenye mizani?"

Uso wake ulibadilika. Sijawahi kumwambia mume wangu neno zito kama hilo kwa miaka kumi na tisa, na nilitaka kulirudisha, lakini lilikwisha toka. Akakaa kitandani kwa mamake, waya mkononi.

"Wapigania nini?" Mama akauliza.

"Waya, Mama."

"Nilidhani mwagawana urithi, nami ningali hai."

Alhamisi asubuhi Kyalo alipita kabla ya kazi, akaja na kiunganishi, kipande kidogo cha plastiki cha kuunga waya mmoja na mwingine, na kipande cha waya wake. Dakika moja tu, akasema. Najmuddin akakitazama kile kiunganishi kama aliyeletewa nguruwe.

"Kila kiungo chamwaga sauti, Kyalo."

"Mzee, haimwagiki! Ni hesabu!"

"Basi isogeze amplifaya," nikasema.

"Nyaya za spika hazitafika."

"Na hizo nani alizipima?"

Kyalo akasema amechelewa kazini. Hata ningekuwa mimi ningechelewa. Akanishika mkono mlangoni, akaninong'oneza, "Pole sana, mama," akaondoka na kiunganishi chake.

Saa saba na nusu Najmuddin akafanya alichoweza. Akang'oa vishikizo vyote chumbani, ile kazi yake nzuri, akaacha kuzunguka ukuta, akaupitisha waya moja kwa moja kutoka mlangoni hadi kwenye zidaka. Ukafika. Ukafika kwa kunyooka kabisa, umekaza katikati ya chumba usawa wa kiuno, ungeweza kuanika mashuka. Akachomeka, kichwa kikalia *tik*. Taa ya kijani ikawaka.

"Msiuguse," akasema. "Asiupitie mtu."

Nikainama, nikapita chini yake, miaka arubaini na nne na magoti yangu haya, nikakaa karibu na Mama.

Saa nane spika zikafunguka. Kwanza kiti kikaburuzwa, kisha karatasi, kisha mtu akakohoa. Nikageuka nyuma, wallahi, nikidhani kuna mtu chumbani. Mwalimu akasoma nusu ya aya, akanyamaza. Na mwanangu akaanza.

Sitaki kumsifu Najmuddin, kaniudhi sana. Lakini nitasema kweli. Sauti ile haikuwa ya simu, wala ya redio. Yumna alikuwa palepale, kati ya zidaka mbili, na alikuwa amekua. Sauti imenenepa chini, na pua bado imeziba upande mmoja, maana mtoto huyu mafua hayajamwacha tangu azaliwe. Mama Saliha alishika mkufu wangu badala ya mkono wangu, akauvuta, midomo yake ikaenda sambamba na mtoto, neno kwa neno.

Aya za kwanza akapita. Za pili akapita. Mara ya tatu mwalimu alimwanzia pahali pagumu, pale maneno yanapofanana na ya sura nyingine na mtu huteleza akajikuta kwingine. Yumna akasoma aya mbili, akaanza ya tatu, akanyamaza.

Kimya. Hata karatasi haikusikika.

Mama akanyanyua kidole. Na mume wangu, mume niliyepewa na Mungu, akaruka kutoka kitini, akasema, "Waya umekufa!" na kabla sijafungua kinywa akafika kwenye zidaka, akakishika kichwa, akakichomoa.

"Najmuddin!"

"Nakagua mguso!"

"Kirudishe! Mtoto amekwama! Kirudishe!"

Akakirudisha kwa haraka, na haraka haina baraka. Kile kilimi kidogo cha plastiki kinachokaza kichwa kisitoke kikavunjika, kikaanguka sakafuni. Akakisukuma kichwa, waya uliokaza ukakivuta nje. Akakisukuma, kikatoka. Kungekuwa na shubiri moja ya kulegeza, shubiri moja tu ile anayogawa bure kila siku, kingekaa. Alipogundua hakuna njia, akapiga magoti mbele ya zidaka, akakikandamiza kwa kidole gumba, akabaki hivyo. Taa ikafikiri, ikafikiri, ikawaka kijani.

Spika ziliporudi, Yumna alikuwa akisoma sura nyingine kabisa.

"Alipita?" Mama akauliza. "Pale alipokwama, alipita?"

Hakuna aliyejua. Labda alipita, labda mwalimu alimpitisha na kumwandikia moja. Labda alikwama mara mbili wakati sisi tunapigana na kilimi. Mama aliugeuza uso upande wa mwanawe. Haoni, lakini Najmuddin aliinamisha kichwa kana kwamba ameonwa.

"Waya ulikuwa mzima," Mama akamwambia. "Nalimsikia akipumua. Kwani wewe hukumsikia?"

Dakika kumi na tano alikaa kwa magoti, mkono umenyooshwa, kidole kimekandamiza, jasho lachuruzika mpaka ndevuni. Hakuweza kukuna pua. Mtu ambaye hajawahi kukiacha kitu kilichokwisha alikuwa sasa hana budi asiguse chochote. Ningekuwa na moyo mzuri ningemwonea huruma, lakini nilikuwa nahesabu aya.

Wakafika sura za mwisho. Mwalimu akaanzia, Yumna akaendeleza, polepole, sauti imekauka. Kisha akanyamaza tena.

Najmuddin akanigeukia, macho yamemtoka.

"Usiguse," nikamwambia.

"Sigusi."

"Usiguse, Baba Yumna, nakuapia."

"Nimesema sigusi!"

"Nyamaani," Mama akasema. "Yuwapumua."

Tukanyamaa. Na kweli. Kutoka Surat, kwa waya wa shaba wa bei ya viatu vya mtoto, tulisikia pua iliyoziba ikivuta hewa na kuitoa. Ikavuta tena. Tulisikia mate yakimezwa. Midomo ya Mama ilikuwa imeshika lile neno, imelishikilia, halitoki. Mimi nililisahau jina langu.

Yumna akalitaja. Akalitaja taratibu, kisha likamwagika lote, mpaka mwisho, na mwalimu akasema maneno tuliyoyaelewa sote watatu: mara mbili amekwama, zote zasameheka, amehifadhi, Mungu ambariki.

Mama akauachia mkufu wangu. Ulikuwa umeniacha alama shingoni. "Amekhitimu," akasema, akafuta uso kwa ncha ya rida, na akalia waziwazi, kama mtu aliyepewa ruhusa.

Mimi nililia pia, kisha nikakumbuka nina hasira. Nikasimama, nikainama chini ya waya, nikaenda kwenye zidaka. Nilikuwa na maneno yangu tayari, ya wiki nzima, yamepangwa.

"Inuka. Yamekwisha."

"Bado wamo," akasema.

Kweli, hawakuwa wamezima. Spikani viti viliburuzwa, msichana mwingine akacheka, na Yumna akapenga pua. Akamuuliza mtu kama kuna maji ya kunywa. Najmuddin amefumba macho, paji la uso limeegemea ukutani.

"Miaka miwili, Hussaina," akasema. "Kwenye simu wasikia maneno tu. Nimekula, nimelala, salamu kwa bibi. Tangu tulipomwacha pale uwanja wa ndege sijamsikia mwanangu akipumua. Nilitaka siku moja tu nimsikie hivi."

Yale maneno yangu yote yaliyopangwa yakanipotea.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ningekwambiaje? Mimi ndiye niliyempeleka, nawe ulikataa."

Mkono wake ulikuwa umekufa ganzi, vidole vyeupe. Nikapiga magoti kando yake, nikamwambia asogee, nishike mimi. Akasogea kidogo, lakini kidole hakukitoa, basi nikaweka changu juu ya chake. Yumna akanywa maji. Tulisikia koo lake. Mlango ukafunguliwa, nyayo zikaenda, zikapungua, na hapakubaki kitu ndani ya spika.

"Waya umekatika?" Mama akauliza kutoka kitandani.

"La, Mama," akasema Najmuddin. "Waya mzima. Mtoto ameondoka."